Liap, Mtafuna Thom

Jani la kwanza la thom Liap alitiwa mdomoni na mama mkwe wake, siku ya tisa baada ya maiti ya mumewe kuchomwa hekaluni. Alikuwa na miaka ishirini na sita na mtoto wa miezi mitano. Choet, mumewe, aliumwa na swila akiwa anagema mpira, akafia palepale shinani, kisu kikiwa bado mkononi. Tangu siku hiyo Liap alikaa tu sebuleni akitazama ukuta, maziwa yakimchuruzika kwenye blauzi, na huko nje miti ya mpira ikasimama bila mgemaji.

Bibi Khem, mama mkwe, hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikwenda kwenye mti wa thom uliokuwa nyuma ya banda la kukaushia mpira, akachuma majani mawili, akayanyofoa mshipa wa katikati, akayanyunyizia chumvi, kisha akamshika mkwewe taya kama anayemnywesha ng'ombe dawa.

“Tafuna. Machozi hayagemi mpira.”

Uchungu wa majani ulimpanda Liap hadi masikioni. Bibi Khem akampa kahawa ya moto asukumie. Kikombe hakijaisha, Liap akasikia kitu kimemshuka mabegani. Choet alikuwa bado amekufa, ila kifo chake kilikuwa kimesogea kidogo, kama ugomvi wa nyumba ya pili. Akasimama, akamfunga mtoto, akauliza kisu kiko wapi.

Akagema siku hiyo, na kesho yake, na miaka ishirini na sita iliyofuata.

Pale Khuan Lang, upande wa kusini wa Thailand, wanaume walitafuna thom hadharani. Walikaa kwenye banda la kahawa kila mmoja na majani yake mfukoni, wakichekeana meno. Sheria ilikataza mti huo tangu enzi za babu zao, lakini mti ulikuwepo nyuma ya kila nyumba, na polisi waliozaliwa palepale walitafuna pia. Mwenye binti alifurahi kuposwa na mtafuna thom, kwa sababu mtu huyo haogopi jua wala kazi. Anachoogopa ni mvua tu, maana thom humfanya mtu asivumilie baridi. Wanawake walitafuna tambuu. Mwanamke wa kutafuna thom walimwita mwenye mdomo wa kiume, na wa kwanza kumwita Liap hivyo alikuwa Bibi Khem mwenyewe, mbele ya wageni, mwaka mmoja baada ya kumshika taya.

“Mwangalieni,” alisema. “Mashavu meusi kama sufuria. Nani atamwoa tena huyu?”

Hakuna aliyemwoa. Bibi Khem akafa, mtoto akakua. Liap alitafuna akienda shambani, akatafuna jua likipanda, akatafuna tena saa ya kuviringisha mpira. Alikonda, ngozi ikakolea, tumbo likawa gumu siku mbili au tatu kwa wiki. Lakini mgongo haukumuuma. Wala si mgongo tu, hakuna kingine kilichomuuma, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Binti yake, Orathai, alisoma hadi akawa mwalimu. Alikuwa msafi, mwepesi wa kuandika, mzito wa kucheka. Alipokuwa shule ya msingi watoto walimwimbia kuhusu mdomo wa mama yake, na nyimbo zile hakuzisahau hata moja. Alipofika miaka ishirini na sita alikuwa akifundisha mjini kwa mkataba, akingoja barua ya kuthibitishwa kazini. Tena alikuwa ameposwa na Thawat, kijana wa Bi Sumali, mke wa ofisa wa wilaya.

Huo ndio mwaka serikali ilipotangaza vita dhidi ya dawa za kulevya. Kila wilaya ilitakiwa kuwa na orodha ya majina. Watu walipigwa risasi barabarani, na asubuhi hakuna aliyejua nani kapiga. Waliokuwa wakiwindwa hasa ni wauzaji wa vidonge, lakini hofu haibagui. Banda la kahawa likawa tupu. Wanaume wakawa wanatafuna ndani ya nyumba zao, madirisha yamefungwa.

Siku ya mkasa Bi Sumali alikuwa aje adhuhuri kuzungumzia harusi. Orathai alikuwa amelala nyumbani kwa mama yake, na alfajiri akamkuta mama yake ananyoosha mkono kwenye tawi.

“Mama, leo usitafune.”

“Mawili tu, mwanangu. Nina mashuka ya mpira ya kuviringisha.”

“Hata moja. Midomo yako inakuwa myeusi, na harufu yake mtu anaisikia akiwa mlangoni. Nakuomba. Siku moja tu katika maisha yangu, uwe mama kama mama wengine.”

Liap akauacha mkono ukashuka. Akaenda kugema mkavu, bila jani mdomoni. Yalikuwa magemo ya mwisho ya msimu, majani ya mipira yalishaanza kuwa mekundu na kudondoka. Ilipofika saa tatu asubuhi macho yalikuwa yanamtoka machozi yenyewe, pua inavuja, vifundo vinavuta. Akasimama kwenye mashine ya kuminyia, ile yenye magogo mawili ya chuma ambayo jirani yake Nun alikuwa ameifungia mota. Akalisha shuka la kwanza. La pili likajikunja, akalisukuma kwa vidole, mkono ukamruka kama inavyoruka mikono ya waliokosa thom, na magogo yakaushika.

Nun alisikia yowe akiwa ng'ambo ya mfereji. Alikuja mbio, akazima mota, akayazungusha magogo kinyumenyume kwa mikono. Kilichotoka hapo katikati hakikuwa mkono wa kumwonyesha mtu.

Orathai alimsindikiza mama yake hospitali ya wilaya kwenye gari la Nun. Njia nzima alimshikilia kitambaa mkononi, akilia. Walipofika mlango wa chumba cha upasuaji akainama hadi sikioni.

“Mama, wakikuuliza unatumia nini, sema hutumii kitu. Umenisikia? Wanaandika. Kinachoandikwa hapa kinafika wilayani.”

Wakamkata vidole vitatu vya mkono wa kulia: cha shahada, cha kati na cha pete. Alipozinduka walimpa sindano ya morfini, kipimo cha mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na miwili. Wenzake wodini waliochomwa sindano kama ile walilala midomo wazi. Liap alikuwa macho, akivisikia vile vidole vitatu ambavyo havipo vikiendelea kusagwa.

Muuguzi wa zamu aliitwa Phikun, mwanamke mnene mwenye sauti kavu. Alikuja, akatazama macho ya mgonjwa, akatazama karatasi.

“Shangazi, hii dawa ingemlaza nyati. Wewe vipi?”

“Inauma.”

“Una dawa yoyote unayotumia nyumbani? Majani? Pombe?”

Liap akafumbua mdomo. Orathai, aliyekuwa anakunja shuka, akawahi.

“Mama hatumii chochote. Ni mwoga wa maumivu tu, tangu zamani.”

Phikun alimtazama binti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. “Sijakuuliza wewe, mwalimu.”

“Nakujibia. Yeye amechoka.”

Siku ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Sasa yalikuwa mateso mawili, kila moja likimsukumia mwenziwe. Mkono uliwaka, na miguu, ambayo haikuguswa na mashine, ikawa inapiga mateke kitandani yenyewe. Jasho, miayo, makamasi, tumbo la kuendesha. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, bibi mmoja aliyevunjika nyonga, akaomba ahamishwe.

“Huyu ana pepo,” alisema kwa sauti. “Au anaigiza apate sindano. Mpwa wangu wa vidonge alikuwa hivihivi.”

“Mwigizaji mzuri,” akajibu aliyekuwa kitanda cha tatu. “Mpelekeni kwenye maigizo ya hekaluni.”

Wakacheka wote wawili. Orathai aliinamisha kichwa akijifanya hasikii.

Bi Sumali alikuja siku ya tatu na kikapu cha machungwa. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini.

“Pole sana, dada. Mbona unatetemeka hivyo? Ni homa?”

“Ni homa, mama,” Orathai akadakia. “Daktari amesema itashuka.”

“Mimi niliwahi kukatwa uvimbe, sikulia hata kidogo,” Bi Sumali alisema. “Ni kujikaza tu. Watu wa shamba nilidhani ndio wagumu.” Akamenya chungwa, akala mwenyewe nusu yake. “Tusogeze siku ya harusi mbele kidogo? Picha hazitapendeza na mkono huo.”

Liap aliuma ncha ya shuka hadi mgeni alipoondoka. Alipoiachia ilikuwa na damu ya ulimi.

Jioni ile Nun akaja na chakula ndani ya bati: wali, na mchuzi mkali wa matumbo ya samaki. Alikuwa rafiki wa Choet tangu utoto, na hakuwa mjuzi wa maneno.

“Kula, shemeji,” alisema, akamkonyeza. “Chimba mpaka chini.”

Chini ya wali kulikuwa na majani sita, yameshatolewa mishipa. Liap aliyanusa kabla hajayaona. Mkono wake mzima ulikuwa umeshafika, lakini wa binti ulikuwa mwepesi zaidi. Orathai alilichukua bati, akaenda nalo kwenye sinki la wodi, akafungulia maji, akayasukuma majani kwenye tundu kwa kijiko mpaka yakakwama.

“Baba Nun, unataka kumuua mama yangu?”

“Mimi?” Nun alisema. “Mtazame kitandani pale, halafu uniulize tena.”

“Toka. Nitaita mlinzi.”

Nun akatoka. Liap alimtazama mgongo bintiye pale sinkini, mabega yale membamba yanayofanana na ya Choet, na kwa mara ya kwanza tangu amzae akatamani asingekuwepo.

Asubuhi Orathai alikwenda kufundisha. Phikun akaja na kibakuli, akazibua sinki mwenyewe, akarudi na majani yaliyolowa kiganjani. Akavuta kiti.

“Mimi baba yangu alikuwa mgemaji,” alisema taratibu. “Alitafuna arobaini kwa siku. Wewe mangapi?”

Liap akavuta shuka mpaka mdomoni.

“Sikiliza, shangazi. Sikuulizi ili nikuchongee. Nikikuongezea morfini bila kujua kilichomo mwilini mwako, naweza kukusimamisha pumzi. Nisipokuongezea, unakufa kwa maumivu nami nakuangalia. Mangapi?”

“Ishirini. Siku nyingine thelathini.” Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. “Miaka ishirini na sita.”

“Haya.” Phikun akapumua. “Sasa nikueleze, maana inaonekana hakuna aliyewahi. Ule uchungu wa jani unashuka tumboni, unaingia kwenye damu. Damu inapita kwenye ini, na ini linaugeuza sehemu yake kuwa kitu kikali kuliko ulivyotafuna. Halafu inapanda kichwani. Ubongo una ukuta wake, dawa nyingi zinagonga hapo zinarudi. Hii inapenya, kwa sababu inakwenda vizuri na mafuta, na ukuta ule ni wa mafuta.”

“Ikishapenya?”

“Kuna vikombe. Vidogo, huwezi kuviona, ila chukulia ni kama vile tunavyofunga kwenye mipira. Mwili wako una utomvu wake wenyewe wa kuvitilia, ukiumia unadondosha humo na maumivu yanapoa. Thom inadondokea kwenye vikombe hivyohivyo. Morfini pia. Sasa wewe umevijaza miaka yote hii kila siku. Mwili umeona kuna tajiri anayejaza, ukapunguza kudondosha wa kwake, na vikombe vingine ukavifungua ukaviweka stoo. Ndiyo maana sindano ya mtu wa kawaida kwako ni maji. Na ndiyo maana ukikosa thom unaumwa hata pasipouma.”

Liap akaweka mkono wake mzima kifuani. “Na anayenyonya?”

“Inapita kwenye maziwa, kiasi.”

Phikun akaenda kuzungumza na daktari pembeni, wakaongeza sindano kidogokidogo, na Phikun akakaa naye akihesabu pumzi zake kwa saa nzima. Ilipofika saa sita mchana Liap alikuwa analala, mdomo wazi.

Orathai aliporudi kutoka shule alimkuta hivyo. Hakuuliza. Alisimama miguuni pa kitanda, akaelewa kuwa mama yake amesema, na kwamba sasa imeandikwa. Usiku haujaingia alikuwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Alimweleza kwamba nyuma ya nyumba yao kuna mti wa thom, kwamba yeye kama mwalimu hawezi kuficha uhalifu, na kwamba anaomba iandikwe ni yeye aliyetoa taarifa.

Maofisa walikuja siku iliyofuata na msumeno wa mota. Mti ulikuwa mnene wa kukumbatiwa na watu wawili. Orathai aliwaonyesha njia akiwa na sare zake za ualimu, na wakampiga picha kando ya gogo.

Liap aliyajua hayo siku alipotoka hospitali, kwa sababu polisi wawili walikuwa wanamngoja getini. Walimweka kituoni siku tatu na bandeji yake. Hakupigwa. Mmoja wao, kijana wa kijiji cha jirani, alikuwa na kipande cha jani kimenata kwenye jino alipokuwa anamwandikisha maelezo. Liap alitozwa faini, akatakiwa kuripoti kila wiki, jina lake likabandikwa ukutani ofisi ya wilaya.

Bi Sumali alikuwa mtu wa kwanza kulisoma. Mume wake ndiye aliyelibandika.

Kwa wiki sita Liap alikaa bila thom. Majirani walimsifu, wakasema amepona, wakamletea ndizi. Alichokuwa akipata hakikufanana na kupona. Kila kitu kilimuuma kwa zamu: magoti, meno, kiuno cha miaka yote ile ya kuinama. Siku moja, akifagia banda la kukaushia mpira kwa mkono wa kushoto, aliona shati la Choet lililokuwa limegeuzwa kitambaa cha kufutia mafuta tangu zamani. Akakaa chini. Kilio kilichomtoka kilikuwa cha mjane wa siku tisa. Alilia mpaka akatapika, akiwa na miaka hamsini na miwili, akimlilia kijana wa miaka thelathini ambaye kijijini karibu wote walishamsahau sura.

Nun akamkuta humo. Hakumwinua. Alitoa majani matatu mfukoni, akayaweka juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Nimeleta, shemeji. Ukitaka. Usipotaka natafuna mimi.”

Liap aliyatazama sana. Akachukua moja, akanyofoa mshipa kwa meno kwa kuwa vidole havikutosha, akatafuna. Mengine mawili akamrudishia.

“Ninolee kisu cha kushoto,” alisema. “Msimu unaanza.”

Orathai alikuja mwezi uliofuata, adhuhuri, kuchukua nguo zake. Hakuvua viatu. Alipakia sanduku upesiupesi huku mama yake akimtazama kutoka kwenye ngazi.

“Harusi imevunjika,” alisema bila kugeuka. “Utafurahi.”

“Nani kaivunja?”

“Nani? Wewe! Nilikuomba kitu kimoja. Kunyamaza tu. Ungekaza meno siku mbili tatu, ungetoka pale bila kuandikwa, nami nisingelazimika kwenda kwa mwenyekiti. Nilikwenda kwa sababu ulishasema! Nilikuwa nakuokoa, na mimi najiokoa.”

Liap alikuwa na jambo ambalo Phikun alimnong'oneza siku ya kutoka, akimfunga bandeji. Alikuwa amekusudia kufa nalo. Alimtazama binti yake, viatu vile vya visigino juu ya sakafu aliyoideki kwa mkono mmoja, akalitafuta lile neno kwa utulivu kama mtu anayetafuta mahali pa kukata gome.

“Yule muuguzi hakuandika,” alisema.

Orathai akageuka.

“Aliongea na daktari kwa mdomo. Kwenye karatasi wameweka ‘mgonjwa mwenye maumivu makali’. Basi. Nenda kaulize. Hakuna mtu wilayani angejua lolote kuhusu thom, mwanangu, kama usingepeleka wewe.”

Aliliona likiingia. Liliingia polepole, kwanza kwenye macho, kisha kwenye mdomo, kisha Orathai akakaa juu ya sanduku. Liap hakusogea kumshika. Alisimama pale mpaka alipohakikisha limefika mahali pake, kisha akasema ana mipira ya kutazama.

Aliporudi, nyumba ilikuwa tupu.

Barua ya kuthibitishwa kazini Orathai aliipata, katika shule ya mkoa wa mbali kaskazini, na huko akaolewa na mtu ambaye Liap hakumwona. Liap aligema kwa mkono wa kushoto. Mwaka wa kwanza aliijeruhi mipira vibaya, akikata mpaka kwenye mti wenyewe. Wa pili akawa anakwenda sawa. Alipunguza thom mpaka majani manne kwa siku, kutoka kwa Nun, na watu walipomwita mwenye mdomo wa kiume aliwauliza wanataka kuuona kwa karibu. Miaka ilipita, sheria ikabadilishwa, na majani yakaanza kuuzwa barabarani kwenye mifuko ya plastiki, mchana kweupe. Nun alimshauri apande mti mwingine pale pale nyuma ya banda.

“Sina haja,” alisema Liap. “Pale nimepanda pilipili.”